Dume wa Upande wa Pili

Kwa baridi nilikuwa nimejiandaa. Miaka sita nilifanya kazi Makete, juu kwenye nyanda za Kitulo, ambako asubuhi ya Juni majani huamka meupe kwa jalidi na mtu hunawa uso kwa ncha za vidole. Kwa hiyo wenzangu waliponitania kwamba mtoto wa Karagwe anakwenda kugandia Nepal, niliwacheka. Nikafunga koti langu la Kitulo, soksi jozi nne na kofia aliyonifumia shemeji, basi. Kumbe kule kwenye bonde la Langtang baridi ilikuwa ndogo. Kilichonishinda ni hewa.

Lakini nianze chini, barabarani.

Mimi ni mhimilishaji. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini na mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki, mirija ya mbegu ndani yake, na glavu ndefu za kufika begani. Mfugaji akipiga simu kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, nakwenda. Kathmandu nilifika kwa mafunzo ya wiki mbili kuhusu malisho ya milimani, na yalipokwisha nikawa na siku tisa kabla ya ndege ya kurudi. Wenzangu walikwenda kununua shali. Mimi nilitaka kumwona yaki.

Chuoni tulifundishwa yaki kwa nusu ukurasa: ng'ombe wa nyanda za juu za Asia, ana manyoya marefu, hutoa maziwa, nyama na sufu, tena hubeba mizigo. Mwalimu akageuza ukurasa. Kwenye mafunzo ndiko nilikosikia kwamba wengi mno wa yaki wote duniani wako China, na kwamba nchi jirani zilizobaki na vikundi vyao vidogo zinaona vikipungua. India walihesabu yaki kama 77,000 mwaka 2012. Walipohesabu tena mwaka 2019 walikuta kama 58,000. Robo ya kundi imekwenda kwa miaka saba. Mtu wa kazi yangu akisikia hesabu kama hiyo mikono inamwasha. Hawa wanahitaji mbegu, nikajisemea. Leo naandika hivyo kwa aibu kidogo.

Basi la kutoka Kathmandu hadi Syabrubesi, ambako safari ya miguu huanzia, lina kilomita kama 120 za kwenda, na zilituchukua siku nzima. Jirani yangu alimpakata jogoo ndani ya kikapu, na kila kona ya genge jogoo alitoa kichwa nje akaangalia bondeni, akakirudisha. Nikaona ana akili kunizidi. Barabara hiyohiyo inaendelea mbele mpaka Rasuwagadhi, mpakani na Tibet, kwa hiyo tulipishana na malori ya mizigo muda wote. Mahali fulani tulisimama dakika arobaini kupisha msururu wa magari madogo ya umeme, mapya, viti bado vimevikwa nailoni, yakitoka China kuelekea Kathmandu. Sikuyatilia maanani wakati ule. Nilikuwa nawaza mgongo wangu.

Tangu mwaka 2023 mgeni anayepanda milima hii anatakiwa awe na kiongozi mwenye leseni. Wangu nilimwita dai, yaani kaka mkubwa kwa Kinepali, ingawa nadhani mimi ndiye niliyemzidi umri. Naye akaniita dai. Tukaitana kaka mkubwa hivyo siku zote saba, na hakuna aliyetaka kukubali kuwa mdogo.

Siku ya kwanza niliruka kama mbuzi. Njia inafuata mto Langtang ndani ya msitu wa mianzi, maji yananguruma kiasi kwamba mnazungumza kwa mikono. Dai alikuwa akisema, "Bistarai, bistarai." Nikamwambia kwamba sisi tuna neno hilo, wapagazi wa Kilimanjaro hulisema kutwa nzima: polepole. Akalipenda. Kesho yake, tulipovuka mita 3,000, aliacha kulisema kwa sababu hapakuwa na haja. Nilikuwa napiga hatua ishirini, nasimama, naegemea fimbo kama mzee wa baraza. Usiku kichwa kiligonga kama mtu anatwanga kisamvu ndani yake. Nilisinzia nikashtuka natafuta pumzi, nikakaa kitako gizani, nikamsikia dai kitandani kwake akisema taratibu, "Kunywa maji, dai. Usilale chali."

Kijiji cha Langtang tulikifikia siku ya tatu, na kabla ya kukifikia tulitembea juu ya kile cha zamani. Tarehe 25 Aprili 2015, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko la ardhi liling'oa barafu, theluji na mawe kutoka mlimani, na vyote vikaangukia kijiji. Zaidi ya watu 300 walikufa pale, wenyeji na wageni. Leo ni uwanda wa kifusi cha kijivu wenye njia moja katikati. Dai alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alitembea mbele yangu kimya mpaka tulipofika kwenye nyumba mpya. Jioni, akiota moto, aliniambia tu kwamba yaki nao walikufa mamia, na kwamba watu waliosalimika walikaa miezi kambini Kathmandu. Waliporudi, mwenye nguvu alijenga nyumba ya wageni. Kundi halijengwi kwa saruji, alisema. Mtu aliyepoteza yaki thelathini hakuweza kununua thelathini.

Jina lenyewe la bonde linatokana na ng'ombe, kwa masimulizi ya wenyeji. Lama mmoja alipotelewa na ng'ombe wake, akafuata nyayo zake siku nyingi, akatokea kwenye bonde hili ambalo hakuna aliyelijua. Ng'ombe ndiye aliyeligundua, binadamu alimfuata.

Yaki wangu wa kwanza nilikutana naye kesho yake, kwenye ukuta wa mawe ya sala, na mimi ndiye niliyempisha njia. Alikuja mweusi, paji jeupe, pembe zimepanuka kisha zikapinda juu, na chini ya tumbo manyoya yamening'inia kama pindo la zulia hata miguu haionekani. Unaona mnyama anaelea. Mkia si wa ng'ombe, ni wa farasi. Nilingoja alie, maana ng'ombe akikuona mgeni hulia. Akakoroma, tena mkoromo wa nguruwe aliyeshiba. Wataalamu wamempa jina la Kilatini lenye maana hiyohiyo, ng'ombe mkoromaji, lakini kusoma ni jambo moja na kukoromewa usoni ni jambo jingine.

"Yaki!" nikasema kwa furaha.

"Huyo ni naki," dai akanisahihisha. "Yaki ni dume. Jike ni naki. Ukiomba maziwa ya yaki watu watakucheka."

Kyanjin Gompa iko mita kama 3,870 juu ya usawa wa bahari. Vilele vimeizunguka pande zote, na Langtang Lirung, yenye zaidi ya mita 7,200, imeinama juu ya mapaa. Maji pale huchemka kwenye nyuzi kama 87 tu, kwa hiyo maharage yanaweza kukaa jikoni kutwa nzima yakakutazama. Watu wanakula dengu na wali, na wenye nafasi wana sufuria ya presha. Tangu miaka ya 1950 pana kiwanda cha jibini, cha kwanza cha aina yake nchini Nepal, kilichoanzishwa kwa msaada wa mtaalamu kutoka Uswisi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ni jengo dogo la mawe. Ndani kuna sufuria kubwa ya shaba juu ya moto wa kuni na mbao zilizopangwa magurudumu ya jibini ya manjano, na harufu inakushika kwenye nguo siku mbili. Nilinunua kipande. Ni tamu na kavu kidogo, ina ladha ya majani.

Mgeni anaambiwa kwamba ni jibini ya yaki. Kama nilivyokwisha kufundishwa, yaki hana maziwa. Lakini hata naki si mwenye sehemu kubwa ya maziwa yale. Mengi hutoka kwa chauri, na hapa ndipo nilipotoa daftari.

Chauri ni chotara. Anapatikana kwa njia mbili: yaki dume kwa ng'ombe jike wa milima ya chini, au naki kwa dume mdogo wa Kitibeti anayeitwa kirko. Ni mnyama mzuri, sitaki kumsema vibaya. Naki anakupa lita moja, pengine mbili kwa siku, maziwa mazito yenye mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wetu. Chauri anaweza kukupa mara mbili ya hayo, tena anavumilia joto la chini bondeni ambalo naki halivumilii, na anasimama kwa utulivu. Kiwanda kinanunua maziwa. Mfugaji naye si mjinga, anafuga chauri.

Tatizo liko kwenye uzao. Dume wa chotara ni tasa, kazi yake ni kubeba magunia. Jike huzaa, lakini ndama wake ni dhaifu, hana maziwa ya mama yake na wala hana ubavu wa bibi yake. Maana yake kila chauri lazima atengenezwe upya kutoka kwa wazazi halisi. Sasa naki hubeba mimba miezi minane na nusu hivi, na kwa kawaida huzaa mwaka mmoja akapumzika mwingine, kwa sababu msimu mmoja wa majani haumtoshi kunyonyesha na kushika mimba. Akibahatika atazaa ndama watano, sita. Nusu yao madume. Majike wawili au watatu waliobaki, toa wa chui wa theluji, toa wa njaa ya Machi. Ukimchukulia mimba mbili tu kwa ajili ya chauri, umemaliza hesabu yake. Kundi la naki linaliwa polepole, na linaliwa kwa faida, hata mwenyewe haoni.

Niliona haraka kwa sababu nimewahi kufanya hivyo.

Kwetu Karagwe baba alikuwa na ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wekundu. Sitasema wangapi, kwetu si adabu. Nilipomaliza chuo nilirudi na mtungi wangu na mirija ya Friesian, nikampandishia jike wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, na ndama alipokuja na mabaka meusi na meupe kijiji kizima kilikuja kumtazama. Maziwa yaliongezeka. Jirani naye akataka, na wa pili, na baba akamuuza dume wake kwa kuwa hana kazi tena. Miaka ikapita, ukaja ukame, na wale wa mabaka wakalala chini huku mabibi wa pembe ndefu wakitembea kufuata maji. Baba alipotaka dume halisi ilibidi atafute ng'ambo ya mto Kagera. Hajanilaumu hata siku moja. Alichosema ni kwamba zamani, mtu akimletea dume, yeye hakumwangalia dume. Aliomba kumwona mama yake.

Siku iliyofuata dai alinipeleka kwa mama mmoja anayeishi kwenye kibanda cha wachungaji, mwendo wa saa mbili juu ya Kyanjin kwa miguu yake, saa tatu na nusu kwa yangu. Majirani wanamwita amala, ni neno la heshima kwa mama. Ana kama miaka sabini. Kibanda ni ukuta wa mawe, juu turubai, ndani moto wa samadi kavu, na moshi unaotafuta macho yako. Samadi hiyo ni kuni na ni mali. Huko juu hakuna mti.

Kijana wake alitoka nje akifuta mikono, akaniangalia, akatabasamu mpaka masikioni.

"Niaje, buda!"

Nilidhani hewa imeniharibu ubongo. Kumbe alikuwa mlinzi wa jengo Doha, Qatar, miaka mitano, akilala chumba kimoja na Wakenya watatu. Kiswahili chake chote ni cha kitandani na cha lindo: niaje, poa, leta maji, boss anakuja, mshahara bado. Nimesafiri kutoka Tanzania, nimepanda mlima siku nne, nimepokewa kwa Sheng. Tulicheka hadi amala akauliza kuna nini. Vijana wenzake, aliniambia baadaye, wako Kathmandu, Malaysia na Ghuba, au chini Kyanjin wanaendesha nyumba za wageni. Kulala kwenye kibanda hiki kuanzia mvua zinapoanza mpaka theluji, mvua inapenya, mbwa wanambwekea chui usiku, hakuna anayetaka. Yeye mwenyewe amerudi kwa sababu mama amezeeka. Akipata mke, hajui kama mke atakubali kupanda.

Nilimwomba amala nimwone akikamua. Alimleta ndama kwanza. Akamwacha anyonye kidogo, mpaka mama aliposhusha maziwa, akamvuta pembeni akamfunga karibu na pua ya mama yake, amrambe. Kisha akachutama, akaegemeza paji la uso wake kwenye ubavu wa naki, ndani kabisa ya manyoya, akaanza kukamua huku akiimba kitu cha chini kwa chini, kama anamsengenya mtu. Bibi yangu Karagwe alikuwa akifanya hivyohivyo, ndama puani, paji ubavuni. Nikapewa ruhusa ya kumgusa. Chini ya nywele ndefu kuna sufu laini, nzito, kidole kinazama hadi pingili ya pili kabla ya kukuta ngozi. Ndiyo maana joto linamtesa. Jasho lenyewe hana la kutosha. Vitabu vinasema ana jozi 14 za mbavu wakati ng'ombe wetu ana 13, nafasi ya mapafu makubwa. Nilitaka kuhakikisha. Nilihesabu kwa vidole nikafika ubavu wa kumi na moja, akanipiga teke la paja. Alama ilikaa wiki tatu.

Amala alicheka kwa mara ya kwanza. Baada ya teke tukawa ndugu, nikapewa chai ya siagi na chumvi, ambayo ukiifikiria kama supu inashuka vizuri.

Dume wake alikuwa amesimama peke yake mteremkoni. Mkubwa, mzee, pembe moja imepasuka ncha. Niliuliza ana umri gani, kijana akasema amekuwa dume wa kundi hili miaka kumi. Nikawatazama naki ishirini na kitu waliotapakaa pale, nikaelewa kabla ya kuambiwa. Hao ni binti zake. Wale wadogo ni binti za binti zake. Ndama aliyekuwa amefungwa alikuwa na miguu kama njiti za kiberiti.

Hapo nikafungua hotuba yangu. Nilieleza kwa urefu, kijana akitafsiri: madhara ya ndugu kupandana, ndama wepesi, majike wasioshika mimba, na jinsi mbegu ya dume wa mbali inavyoweza kuletwa kwenye mrija mdogo kama njiti bila kumleta dume mwenyewe. Amala alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akaniuliza maswali. Hicho chombo cha baridi kinakaa siku ngapi bila kujazwa? Nani atakipandisha kutoka Kathmandu? Nitajuaje naki yupi yuko tayari, wakati naki hatangazi, na wanapandana jioni na usiku? Na nikishajua, nani atamshika? Akanitazama paja.

Sikuwa na jibu. Kwetu mfugaji ananipigia simu, nina pikipiki, ng'ombe anasimama kwenye kibano. Pale naitrojeni ingepanda siku tatu mgongoni mwa mtu kwenda kwa naki ishirini waliotapakaa kwenye mteremko wa kilomita mbili. China wameweza, tena kwa kiwango cha kuheshimiwa: kwenye shamba la Datong, mkoani Qinghai, walifuga madume wa yaki mwitu, wakakusanya mbegu zao, wakapandisha majike wa kufugwa, na mwanzoni mwa karne hii wakatambulisha kosaafu mpya ya yaki, wakubwa na wagumu. Lakini Datong ni shamba la serikali, lina barabara, maabara na watu wa zamu. Mirija ile inahitaji vyote hivyo nyuma yake.

Na kuhusu ndugu kupandana, amala alijua. Alijua kabla sijazaliwa. Baba yake alikuwa akivuka kwenda Kerung, ng'ambo ya Rasuwagadhi, upande wa Tibet, kila baada ya miaka michache, akipeleka nafaka na kurudi na chumvi na dume mchanga. Dume wa kule alikuwa mrefu, mweusi, kifua kama mlango. Akifika walimfunga shada la sufu nyekundu sikioni na mtoto alimlambisha chumvi kiganjani. Baada ya mwaka 1959 mpaka ukakazwa, safari zikawa za wizi, mwishowe zikakoma. Hadithi hiyo si ya Langtang peke yake. Kaskazini yote ya Nepal, na Sikkim pia, mpaka uliwatenga wachungaji na malisho yao ya majira ya baridi, ukawatenga pia na madume wa upande wa pili. Siku hizi ukitaka kuvusha dume kuna karantini, kuna hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo, kuna karatasi za nchi mbili. Hofu hiyo si ya bure, mimi nimeuona ugonjwa huo ukimaliza zizi. Lakini nikayakumbuka yale magari ya umeme yenye nailoni kwenye viti, msururu wa dakika arobaini, yakitoka Kerung hiyohiyo.

Jioni tulikwenda kupanga nyasi. Kila familia iliyobaki na wanyama hukata majani vuli na kuyakausha, na kijana wa Doha alikuwa ameyasokota kama kamba nene akayatundika. Nyasi hizi ndizo tofauti kati ya kundi na mifupa. Kule Mukuthang, kaskazini mwa Sikkim, theluji ilianguka Desemba 2018 ikakataa kuondoka kwa miezi. Yaki zaidi ya 300 walikufa njaa wakiwa wamesimama juu ya majani yaliyofunikwa. Amala alisema hapa theluji sasa haina adabu. Mwaka mmoja haiji, vichaka vinapanda juu na kula malisho. Mwaka mwingine inakuja yote kwa usiku mmoja.

Nilijitahidi kuwa na faida. Nilimwonyesha kijana jinsi ya kupasua jipu la ukwato wa jike mmoja na kulisafisha kwa maji ya chumvi, nikamwandikia dozi ya dawa ya minyoo kwa uzito. Nikamshauri wasimrithishe kundi mtoto wa dume mzee. Akamtafsiria mama yake. Amala akaonyesha kwa mkono madume vijana watatu waliokuwa wakilala karibu na ukuta, wote wamehasiwa. Karibu kila nilichokijua alikuwa anakijua. Hakuwa na pa kukitendea.

Usiku, ndani ya moshi, kijana alitoa simu. Mtandao hufika kwenye jiwe moja tu nje ya kibanda, kwa hiyo alikuwa akitoka na kurudi. Alikuwa akizungumza na mtu wa Helambu, upande wa pili wa njia ya Ganja La, ambayo inapita juu ya mita 5,000. Mtu huyo ana dume wa miaka minne ambaye hana undugu na yeyote wa hapa. Wanaweza kubadilishana: dume kwa naki wawili, au dume kwa naki mmoja na fedha. Kumpitisha mlimani ni siku nne kama hali ya hewa ni nzuri, na ni lazima iwe kabla ya theluji kufunga njia, yaani wiki mbili, tatu. Mapema alikuwa amenitajia Doha wanavyolipa watu wa lindo la usiku. Nilidhani anataka kurudi. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya dume.

Picha ilipofika alimkabidhi mama yake simu. Amala akatafuta miwani, ikakosekana, ikaonekana kichwani kwake. Akaisogeza simu karibu na moto, akamtazama yule dume kwa muda mrefu, akampitisha kidole kifuani, picha ikaruka, ikabidi kijana airudishe. Kisha akasema maneno machache na kumrudishia.

Nilimuuliza kijana amesemaje.

"Anasema dume ni poa," akanijibu kwa Kiswahili chake. Kisha akaendelea kwa Kiingereza: anataka picha ya mama yake.

Akavaa koti, akatoka kwenda kwenye jiwe.